Tarakilishi zafika Garsen, fundi bado yuko Malindi

TAREHE 14 Oktoba 2025 si siku ambayo mji wa Garsen ungeiwekea alama kwenye kalenda. Huu ni mji wa njiapanda, unaoishi kwa mabasi ya Malindi, Lamu na Garissa, na wenyeji wake wamezoea kuhesabu nyakati kwa mafuriko, ukame na uchaguzi mkuu. Hata hivyo, siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa bila malipo masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ambao kwa miaka kumi ndio uliokuwa ukiendesha sehemu kubwa ya tarakilishi katika shule, afisi za umma na vyumba vya saiba kote nchini, Kaunti ya Tana River ikiwemo.

Mashine hazikuzimika. Ziliwaka asubuhi yake kama zilivyowaka jana, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka. Kilichokoma ni ukarabati uliokuwa ukifanyika nyuma ya pazia. Kila mwezi waundaji wa mfumo huo walikuwa wakiziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni wangeitumia kupenya, na tangu siku hiyo mwanya mpya ukigunduliwa hubaki wazi kwa yeyote ambaye hajafanya mipango ya ziada.

Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka Oktoba 2021, ana masharti yake. Anataka kichakataji cha biti 64, kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na kijipande cha usalama kinachojulikana kama TPM, toleo la 2.0. Kwa jumla, mashine zenye vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, yaani vile vilivyotoka kabla ya nusu ya pili ya mwaka 2017, zimefungiwa mlango. Na ndizo hizo hizo zinazofika mashambani kwa wingi: zilizokwisha kutumika katika afisi za Ulaya au Nairobi, zikapanguswa vumbi, kisha zikauzwa kwa bei nafuu au kutolewa msaada mbele ya kamera.

Mkazi wa Nairobi mwenye mashine ya aina hiyo ana njia nyingi za kujinasua. Ataipeleka mjini wakati wa chakula cha mchana na kuichukua jioni. Mwalimu wa Kipini au karani wa Ngao hana jioni hiyo. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na ukiuliza katika vijiji vya delta ni wapi tarakilishi hupelekwa inapoharibika, aghalabu jibu ni Malindi au Mombasa. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kwa zaidi ya miaka kumi, sera ya taifa imekuwa ikihesabu mashine zilizosambazwa. Haijapata kuhesabu watu wanaoweza kuzifungua.

Ahadi ya 2013

Msomaji atakumbuka kwamba muungano wa Jubilee uliingia mamlakani mwaka 2013 ukiwa umeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, na kwamba ugavi ulitarajiwa kuanza Januari 2014. Zabuni ya kwanza, iliyokuwa ya zaidi ya Sh24 bilioni, ilibatilishwa mwaka huo wa 2014 na bodi inayosikiliza malalamishi ya zabuni za umma. Mradi ulipofufuka mwaka 2016 kupitia Mamlaka ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi. Ulijaribiwa kwanza katika shule 150, kisha ukaenezwa na miungano miwili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pamoja na Positivo BGH ya Amerika Kusini.

Ni haki kuusifu mradi huo panapostahili. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi zaidi ya 20,000, na shule nyingi zilizokuwa gizani ziliunganishwa na umeme kwa sababu yake, zile za mbali na gridi zikipewa paneli za sola. Kila shule ilipokea vishikwambi vya wanafunzi, vya walimu, projekta, ruta na seva ndogo yenye masomo ndani yake. Kwa mtoto wa kijiji cha wafugaji wa Waorma au wakulima wa Wapokomo, ambaye hakuwa ameona skrini kubwa kuliko ya rununu ya mjomba, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Lakini ugavi ulifuatwa na kimya. Katika sehemu nyingi nchini, vifaa viliibwa, na hofu ya wizi ikawafanya walimu wakuu kuvifungia kabatini. Tendo hilo lilionekana la busara, nalo kwa kweli ndilo lililoviua vifaa vingi. Betri za lithiamu hazipendi kusahauliwa. Zikiachwa tupu miezi mingi, nguvu yake hushuka chini ya kiwango ambacho kifaa hukubali kuichaji, na siku kabati linapofunguliwa, kishikwambi ambacho hakijaguswa na mkono wa mtoto kinakuwa maiti. Ingetosha mtu mmoja kuambiwa: chaji hadi nusu, zima, weka mahali pakavu, rudia kila baada ya miezi mitatu. Agizo la mstari mmoja lingeokoa mali ya mamilioni.

Kufikia mwaka 2019 serikali ilikuwa imeanza kuzungumzia maabara za tarakilishi badala ya kifaa kwa kila mtoto. Utawala wa Kenya Kwanza, ulioingia mwaka 2022, nao ulikuja na hesabu zake: kilomita 100,000 za nyaya za mtandao, vituo 25,000 vya intaneti ya bure ya wifi, na kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 za nchi. Tana River ina wadi 15 katika maeneobunge matatu ya Garsen, Galole na Bura. Mtindo wa hesabu haujabadilika.

Mashine na nyika

Tarakilishi huundwa kwa kudhania mambo fulani kuhusu mahali itakapokaa. Hudhania chumba chenye hewa tulivu, umeme usioyumba, na duka la vipuri mtaa wa pili. Tana River haina hata kimoja kwa uhakika.

Tuanze na umeme. Kituo cha umeme cha Garsen kimo kwenye njia ya nyaya za kilovolti 220 zinazotoka Rabai kupitia Malindi kuelekea Lamu. Kwa hivyo umeme mkubwa hupita juu ya vichwa vya watu wa delta, ingawa kuna vijiji ambavyo bado huwasha taa za sola na koroboi. Palipo na umeme wa Kenya Power, adui wa tarakilishi si kukatika kwake tu. Unaporudi, hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho huunguza kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya mashine, kile mafundi wanachokiita pawa. Kidhibiti cha volti au UPS huzuia madhara mengi. Kuna pia mtego wa mashine za msaada kutoka Marekani: baadhi yazo zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye alama za 115 na 230. Mashine iliyokuwa Marekani huja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka katika soketi ya volti 240 bila kuigeuza swichi hiyo, utasikia mlipuko mmoja tu, na shule itakuwa na mashine pungufu kabla hata ya somo la kwanza.

Pasipo na gridi, hesabu ni ya wati. Tarakilishi ya mezani pamoja na skrini yake hutumia wati 100 hadi 200. Kipakatalishi hutumia kati ya 30 na 60. Maabara ya mashine kumi za mezani huhitaji takriban kilowati moja na nusu kila saa zinapofanya kazi, ilhali vipakatalishi kumi vitaridhika na theluthi moja ya hizo. Mfadhili anayepeleka mashine kubwa za mezani katika shule ya sola amepeleka pia deni la betri na paneli, ingawa cheti cha makabidhiano hakilitaji. Tana River ni miongoni mwa kaunti 14 zilizo katika mradi wa sola wa KOSAP unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, na aghalabu wanaopanga sola na wanaopanga tarakilishi hawaketi meza moja.

Vumbi na joto hufanya kazi pamoja. Vumbi la nyika huingia kupitia feni na kujipanga kama blanketi juu ya mapezi ya chuma yanayopoza kichakataji. Mashine ikishindwa kutoa joto hujipunguzia kasi, kisha huzimika ghafla. Mtumiaji husema ina virusi. Akiipeleka kwa tapeli, atatozwa fedha za kuondoa virusi. Dawa halisi ni brashi ya rangi, bisibisi, na dakika 20 kila baada ya miezi kadhaa. Upande wa Kipini, Mto Tana unapomwagika baharini, vumbi hupungua lakini chumvi ya upepo hula viungo vya shaba, na mashine inayokataa kuwaka mara nyingi hufufuka vijipande vya kumbukumbu vinapochomolewa, miguu yake ikasuguliwa kwa kifutio safi cha penseli, na kurudishwa mahali pake.

Halafu kuna mto wenyewe. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliharibu hata kingo za mradi wa mpunga wa delta. Yalirudi mwaka 2018, yakarudi mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024. Barabara ya Lamu hukatika upande wa Gamba na Lango la Simba, na kwa majuma kadhaa hakuna kinachotoka wala kuingia isipokuwa kwa boti. Katika hali hiyo kauli ya "tutampigia fundi aje" haina maana. Tarakilishi iliyoguswa na maji haipaswi kuwashwa ili kuona kama bado i hai, na wengi hufanya hivyo hasa. Hutolewa betri, hufunguliwa, hupanguswa tope kwa maji safi au spiriti, huachwa ikauke siku kadhaa penye upepo. Hata ikishindikana, diski yake huenda imehifadhi kumbukumbu za shule nzima, na diski hiyo inaweza kusomwa kwenye mashine nyingine. Nimewahi kusikia ikisemwa kwa majonzi kwamba alama za mitihani za miaka zilizama na tarakilishi. Huenda hazikuzama. Huenda zilitupwa.

Betri ya bei ya soda mbili

Kati ya hitilafu zote, kuna moja ambayo haionekani kuwa hitilafu ya tarakilishi kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo inayowagharimu zaidi wananchi wa kawaida. Juu ya ubao mkuu wa kila mashine ya mezani kuna betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, yenye jina CR2032. Kazi yake ni kuiwezesha saa ya mashine kuendelea kutembea umeme unapozimwa. Baada ya miaka michache hufa. Tangu hapo, kila mashine inapowashwa hudhani ni tarehe ya mwaka ilipoundwa, tuseme Januari 2012.

Sasa mwananchi anaingia saiba kutafuta huduma za serikali. Kivinjari kinapofungua tovuti salama, hutazama kitambulisho cha tovuti hiyo, ambacho kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini kuwa iko 2012 huona kitambulisho cha mwaka huu kama karatasi ya kughushi, na kukataa katakata. Skrini hujaa onyo jekundu. Mwenye saiba husema mtandao ni mbovu leo, rudi kesho. Kesho ni vivyo hivyo.

Si jambo dogo. Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen, na zimeongezeka tangu hapo. Ushuru hulipwa kupitia iTax. Mkopo wa HELB na nafasi za vyuo kupitia KUCCPS huombwa mtandaoni. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA ilipochukua mahali pa NHIF, usajili wake pia unafanyika mtandaoni. Mwaka 2025, wanafunzi wa Gredi ya 9 walichaguliwa shule na mikondo ya masomo ya sekondari pevu kupitia tovuti ya Wizara ya Elimu, na kundi hilo la kwanza likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Rununu husaidia, lakini fomu ndefu, vyeti vya kuskani na uchapishaji bado humrudisha mtu kwenye tarakilishi. Kijana wa Tarasaa anayekosa siku ya mwisho ya ombi la mkopo kwa sababu ya betri inayouzwa kwa bei ya soda mbili hatawahi kujua kilichomkosesha.

Ujuzi unaotakiwa hapo hauhitaji shahada. Unahitaji mtu aliyeelezwa mara moja kwamba tarakilishi ni vitu vichache vinavyosemezana: kichakataji kinachofanya kazi, kumbukumbu ya muda inayokishikia kazi hiyo, diski inayohifadhi, kisanduku kinacholisha umeme, ubao unaowaunganisha wote, na programu inayowaamuru. Anayejua hivyo huanza kuuliza maswali kwa mpangilio. Je, feni inazunguka? Je, taa inawaka? Je, saa ni sahihi? Asiyejua huanza na kununua mashine mpya.

Nikiri kwamba sisi wa magazeti hatuna la kujivunia. Nilianza uhariri enzi ya disketi za megabaiti 1.44, na katika chumba cha habari ambacho sitakitaja, tulimwona fundi wa tarakilishi kama tarishi wa cheo cha juu kidogo. Usiku mmoja diski ya mashine iliyokuwa na kurasa nne ilikufa, naye fundi alikuwa amelala ng'ambo ya pili ya jiji. Kurasa zilichapwa upya herufi kwa herufi. Gazeti lilifika kwa wauzaji jua likiwa limepanda, na asubuhi hiyo kila mhariri alijua namba ya simu ya fundi kwa moyo.

Nywila iliyohamishwa

Maunzi yakitengemaa, hubaki usanidi, yaani zile hatua za mwanzo ambapo mtu huipa mashine jina, hufungua akaunti, huweka nywila ya msimamizi na kuamua nani anaruhusiwa kuongeza programu. Hatua hizi hufanywa siku moja na kusahauliwa miaka mitano.

Katika shule za maeneo magumu ya kuishi, walimu hawakai sana. Mwalimu aliyepokea mashine ndiye aliyeziwekea nywila. Akihamishwa kwenda Meru au Kakamega, nywila nayo huhamishwa ndani ya kichwa chake. Anayemrithi hukuta tarakilishi nzima isiyokubali hata kuongezewa printa. Wapo waliopeleka mashine Malindi kwa basi, zikiwa zimefungwa kamba kama mbuzi, ili zifutwe zote na kuanzishwa upya, zikapoteza kila kilichokuwamo. Daftari la kawaida ndani ya sefu ya mwalimu mkuu, lenye ukurasa mmoja kwa kila mashine, ni usanidi bora kuliko programu yoyote ya ulinzi.

Lipo pia suala la nakala za wizi. Windows ya kununuliwa ina bei, na ile ya flashi ya mtaani haina. Lakini anayeivunja kufuli hiyo mara nyingi huacha mlango wake mwenyewe ndani, na ndivyo mashine ya saiba inavyokusanya nywila za watu. Flashi hizo hizo hubeba virusi kutoka afisi hadi afisi, vile vinavyoficha mafaili na kuacha vivuli vyake tu. Katika mji ambao data ni ghali na mashine hazisasishwi, flashi ndiyo mbu, na kila soketi ni dimbwi.

Zipo programu zisizo na bei wala kufuli. Linux Mint, kwa mfano, hukubali mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 na nafasi ya 20 katika diski, ingawa gigabaiti 4 humpa mtumiaji starehe zaidi. Hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, huwekwa katika flashi, na flashi hiyo moja huweza kusanidi mashine zote za shule bila kutumia hata shilingi ya data. LibreOffice hushughulikia barua na majedwali. Kolibri na Kiwix hubeba masomo na ensaiklopidia ya Wikipedia kwa matumizi yasiyo na intaneti. Mashine iliyofungiwa nje ya Windows 11 haijawa taka, na ikibadilishiwa diski ya kuzunguka kwa ile isiyozunguka, inayoitwa SSD, ambayo pia haiumizwi na mitikisiko ya barabara, huwaka kwa kasi ambayo mwenyewe hakuijua ilipokuwa mpya. Tatizo la njia hii ni kwamba mitihani, vitabu na mazoea ya waajiri bado yameegemea Microsoft, na mwalimu anayechagua Linux anajitwika mzigo wa kuwaeleza wazazi kwa nini. Sioni haya kusema kwamba mzigo huo ni mwepesi kuliko maabara iliyofungwa.

Hapa nitatoka nje ya njia kidogo, kwani ni kidonda cha kazi yangu. Ujuzi huu ungeenea upesi zaidi kama ungefundishwa kwa lugha ambayo watu wa Garsen huitumia wanapopatana bei ya samaki. Msingi ulikwisha kuwekwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za afisi kwa Kiswahili, na haukupita muda mrefu kabla ya Microsoft nayo kutoa vifurushi vya Kiswahili vya bidhaa zake. Zaidi ya miaka 20 baadaye, sijakutana na saiba ya Pwani iliyoweka Kiswahili kwenye skrini. Sisi wenyewe tungali tunabishana iwapo ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo kile kidude cha mkononi ni kipanya au puku. Fundi wa Malindi hakusubiri tumalize. Anasema pawa, ramu, flashi, na mwanagenzi wake anamwelewa. Kitabu kidogo cha ufundi kwa lugha ya fundi huyo kingefaa kuliko kamusi mbili zaidi.

Mzigo ni wa nani?

Kikatiba, shule za msingi na za sekondari ni jukumu la serikali kuu. Vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni vya kaunti. Mgawanyo huu umetumiwa mara nyingi kama kisingizio: Hola husema tarakilishi za shule ni za Nairobi, na Nairobi husema mkandarasi alitoa dhamana ambayo muda wake umekwisha. Lakini ukiusoma vingine, mgawanyo huo huo unaipa kaunti fursa ambayo haihitaji idhini ya waziri. Kaunti yenye watu 315,943, kwa hesabu ya sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 35,000, haiwezi kuwa na duka la ukarabati kila mahali. Inaweza kuwa na vijana wawili katika kila wadi, jumla 30, waliofunzwa katika vyuo vyake kufungua, kusafisha, kubadilisha na kusanidi, kila mmoja akiwa na mkoba wa bisibisi, kipima-umeme, betri za saa, vijipande vya kumbukumbu na flashi tatu. Shule zingewalipa kwa kazi, kama zinavyomlipa fundi wa paa au wa bomba.

Watakaopinga watasema vijana wakishafunzwa watahamia Mombasa. Baadhi watahamia. Waliobaki watakuwa wengi kuliko waliopo leo. Na somo lenyewe limeanza kubanwa shuleni: mwaka 2024, masomo ya sekondari ya msingi yalipopunguzwa kutoka 14 hadi tisa, Sayansi ya Tarakilishi ilikoma kusimama peke yake na kuunganishwa na Biashara pamoja na Ufundi wa Awali. Mwalimu mmoja sasa anatarajiwa kufundisha leja, nyundo na kichakataji. Anahitaji mtu wa kumsaidia angalau katika hicho cha tatu.

Kuhusu Windows 10, muda haujaisha wote. Microsoft iliwapa watu binafsi masasisho ya ziada ya mwaka mmoja, ambayo mwisho wake uliwekwa kuwa 13 Oktoba 2026. Taasisi za elimu zilipewa bei ya chini mno: dola moja kwa kila mashine mwaka wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu, hadi Oktoba 2028. Kwa maabara ya mashine 20, mwaka wa kwanza ni dola 20. Fedha hizo hupatikana katika shule nyingi za Tana Delta. Kisichopatikana ni orodha. Ili kunufaika, ni lazima mtu aketi mbele ya kila mashine, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike winver, na kunakili toleo linalojitokeza, kisha aangalie umri wa kichakataji na ukubwa wa kumbukumbu. Ni kazi ya dakika tano kwa kila mashine. Katika shule yenye tarakilishi 20 ni kazi ya asubuhi moja, mradi saa zake ziwe sahihi na mtu awe anaijua nywila.